Taa za mezani kuwashwa kwa swichi ya mlangoni: waya upite wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimehamia kwenye nyumba yangu hapa Morogoro mwaka huu. Sebuleni kuna taa moja ya dari, kali mno, na mimi napenda mwanga wa taa za mezani, moja kila upande wa kochi. Shida ni kwamba usiku nikifungua mlango inabidi nipapase gizani mpaka nifike kwenye kochi ndipo niwashe. Nataka nibonyeze swichi mlangoni zote mbili ziwake. Fundi aliyefanya wayaringi ya nyumba anasema ni kazi ya nusu saa: atatoa waya kwenye swichi ya taa ya dari, aushushe kwenye soketi za nyuma ya kochi, na "nyutro ipo tayari pale". Mume wangu naye ameangalia video, anasema ni kuvunja kibati tu pembeni mwa soketi. Nimfuate nani? Kuta ni za tofali, zimeshapigwa rangi, juu kuna dari ya jipsamu.

Jibu: Dada yangu, fundi wako mzuie asianze, na shemeji naye mwombe aweke bisibisi chini kwanza. Unachokitaka ni kizuri, kinawezekana, na si kazi kubwa. Lakini njia zote mbili ulizotajiwa zina makosa, na moja kati yake inaweza kumpiga shoti mtu ambaye hata hayupo nyumbani kwako leo: fundi atakayekuja miaka mitano ijayo kubadilisha soketi.

Nianze na ya fundi wako, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi na ndiyo inayojificha vizuri zaidi. Hatari yote iko kwenye yale maneno yake manne: "nyutro ipo tayari pale."

Fungua kifuniko cha mein swichi yako utaona breka zimepangwa mstari. Kuna breka ya taa, kwa kawaida ya ampea 6 au 10, na kuna breka ya soketi, ya 20 au 32. Kila breka ni mwanzo wa sakiti yake. Waya wa moto unatoka kwenye breka, unakwenda kazini, halafu umeme unarudi kwa nyutro ya sakiti ileile mpaka kwenye mein swichi. Taa zinakwenda na kurudi kwa waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), soketi zinakwenda na kurudi kwa waya wa 2.5. Ni barabara mbili tofauti ingawa zinatoka stendi moja.

Sasa angalia ndani ya boksi la swichi pale mlangoni. Katika nyumba zetu nyingi utakuta waya mbili tu: mmoja unaleta moto, mwingine unapeleka moto kwenye taa ya dari swichi ikibonyezwa. Nyutro haipo. Nyutro ya taa imeishia juu darini, haikuwa na sababu ya kushuka kwenye swichi. Kwa hiyo fundi anayetafuta njia ya mkato anachukua moto uliopita kwenye swichi, anaupeleka kwenye soketi ya nyuma ya kochi, anaufungia upande wa moto, na upande wa pili anaiacha nyutro ya soketi kama ilivyokuwa. Taa inawaka. Anachukua hela yake, mnaagana vizuri.

Kilichotokea ni kwamba umeme umetoka kwa barabara ya taa na unarudi kwa barabara ya soketi. Mafundi tunaita kuazima nyutro. Matokeo yake yanategemea mein swichi yako imefungwaje.

Kama kile kifaa cha kuzuia umeme kuvuja, chenye kitufe kidogo cha T, ambacho mafundi tunakiita RCD, kinalinda soketi peke yake, utakuwa na bahati, kwa sababu kitagoma siku hiyohiyo. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kile cha kawaida cha nyumbani kinakata tofauti ikifika miliampea 30. Balbu moja ya LED ya wati 9 kwenye umeme wa volti 230 inakula karibu miliampea 39. Ukiwasha taa moja tu ya mezani, RCD inaona umeme unarudi ambao haikuuona ukitoka, inakata, na soketi zote za nyumba zinazimika. Hapo fundi ataitwa tena, na ninaomba sana asiwe yule wa kusema "hii RCD ni mbovu, tuitoe."

Kama RCD ni moja inayobeba nyumba nzima, au haipo kabisa, hakuna kitakachogoma. Kinachotoka na kinachorudi vyote vinapita mlemle, hesabu inalingana, na kosa linakaa kimya ukutani.

Ukimya huo niliulipia mwenyewe. Niliitwa kuongeza soketi chumbani kwenye nyumba ya watu, nikazima breka ya soketi, nikapima kwa mita: moto na nyutro, sifuri, moto na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), sifuri. Nikaridhika. Nikafungua zile waya mbili nyeusi zilizokuwa zimeungwa pamoja nyuma ya soketi, nikashika mmoja mkononi ili niumenye, ukanipiga mpaka nikaanguka kutoka kwenye stuli. Sebuleni kulikuwa na taa ya mezani iliyofungwa namna hiihii, na ilikuwa inawaka, maana breka ya taa sikuigusa. Nilipozitenganisha zile nyutro, umeme uliokuwa unarudi kutoka kwenye taa ile ulikosa njia. Waya niliokuwa nimeushika ukawa na moto kamili, umekuja kupitia kwenye balbu. Mita haikunidanganya, kwa sababu wakati napima zile waya zilikuwa bado zimeungwa na moto haukuwa na mahali pa kujionyesha. Tangu siku ile, nikikuta swichi ya taa inayowasha soketi, nazima mein swichi nzima kwanza, ndipo nauliza maswali.

Kwa hiyo fundi wako mwambie hivi, kwa upole lakini kwa maneno haya: taa inayochukua moto kwenye breka fulani irudi kwa nyutro ya breka hiyohiyo. Akikujibu kwamba nyutro zote zinakutana kwenye mein swichi, ni kweli zinakutana, lakini hazipaswi kukutana kabla ya hapo.

Njia ya shemeji nadhani naifahamu ilikotoka. Video nyingi za namna hii ni za Marekani. Kule soketi ya mbili kwa pamoja ina kibati cha shaba ubavuni kinachounganisha tundu la juu na la chini. Ukikikata, tundu moja linabaki na moto wa kudumu na la pili linatii swichi ya ukutani. Ni mtindo wa kawaida kwao, na kanuni zao za umeme zinaruhusu chumba kama sebule kisiwe na taa ya dari kabisa, ilimradi kuna soketi inayowashwa kwa swichi ya mlangoni. Lakini soketi zetu za pembe nne za ampea 13, zenye asili ya Uingereza, hazina kibati hicho cha kuvunja. Soketi mbili za kwenye uso mmoja zinachukua moto kwenye skrubu moja nyuma, na kila moja ina swichi yake mbele. Shemeji akianza kukata vibati mle ndani ataharibu soketi nzima.

Halafu kuna jambo la rangi, na hili ndilo linalonitisha zaidi kwenye video hizo. Marekani waya mweusi ndio wa moto na mweupe ndio nyutro. Kwetu, katika nyumba zilizofungwa kwa rangi za zamani, mwekundu ndio moto na mweusi ndio nyutro, na katika nyumba za rangi mpya kahawia ndio moto na bluu ndio nyutro. Mtu aliyejifunza kwenye video kwamba swichi inakata waya mweusi, akija kufanya hivyo hapa ataweka swichi kwenye nyutro. Taa itazimika, naam, lakini holda itabaki na moto muda wote. Atakayebadilisha balbu akijua kwamba amezima, vidole vyake vinakutana na moto.

Tuseme sasa fundi wako amekubali, ameleta nyutro sahihi kutoka darini. Bado simruhusu aifungie kwenye soketi ile ya ampea 13 ya nyuma ya kochi. Wewe leo unajua kwamba soketi ile ni ya taa. Msichana wa kazi hajui, mgeni hajui, mwanao akikua atasahau. Siku moja mtu atachomeka pasi pale kwa sababu iko karibu na meza. Pasi ya wati 2,000 inakula ampea karibu 9. Breka ya taa ya ampea 6 itakata, nyumba nzima itakuwa gizani, na hilo ndilo tokeo zuri. Tokeo baya ni lile nililolikuta zaidi ya mara moja: baada ya breka kukata mara tatu nne, mtu anaiondoa anaweka ya 20 "ili isisumbue". Sasa waya mwembamba wa taa unalindwa na breka isiyoujali, na ndani ya paipu, katikati ya tofali, unapata joto bila mtu kuona. Na hata bila pasi, kuna usumbufu wa kila siku: mtu anachomeka simu ichaji usiku, wewe unazima taa mlangoni ukienda kulala, asubuhi simu imezima.

Ndiyo maana kanuni yangu ni kwamba swichi ya mlangoni iamuru taa peke yake, na mahali taa inapochukulia umeme pawe pa namna ambayo kitu kingine hakiwezi kuchomekwa.

Kwa nyumba yako mimi ningefanya hivi. Boksi la swichi la inchi 3 kwa 3 pale mlangoni lina swichi ya kitufe kimoja. Iondolewe, iwekwe ya vitufe viwili. Inakaa kwenye boksi lilelile, huhitaji kutindua. Moto ule uliopo unaingia kwenye kitufe cha kwanza kama sasa, na kipande kifupi cha waya kinauvusha kwenda kitufe cha pili. Kutoka kitufe cha pili waya mpya wa 1.5 unapanda kwa paipu ileile mpaka juu ya jipsamu. Kule juu, kwenye muungano wa taa ya dari, ndiko iliko nyutro ya taa na ethi ya taa. Hapo fundi anachukua nyutro na ethi, anaongeza na ule waya mpya wa kutoka swichi, na waya hizo tatu zinasafiri pamoja juu ya dari mpaka usawa wa kochi, zinashuka ukutani pande mbili. Moto, nyutro na ethi, zote za breka ya taa. Hakuna kilichoazimwa.

Maungio ya darini yawe ndani ya boksi lenye mfuniko, kwa viunganishi vya skrubu au vya kubana, si kusokota na kuzungushia tepu halafu kuachwa juu ya jipsamu. Tepu inakauka kwa joto la bati, inafunguka yenyewe.

Ukutani, nyuma ya kila meza, usiweke soketi. Weka swichi yenye fyuzi, ile ya mraba iliyo na kidroo kidogo cha kuwekea fyuzi kama ya plagi, na chini yake ina tundu la kutolea waya wa kifaa. Waya wa taa unaingia mle moja kwa moja, unabanwa ndani, na fyuzi inakuwa ya ampea 3. Plagi ya taa unaikata na kuiweka kwenye droo. Taa sasa ni ya pale pale. Ukitaka kuihamisha utamwita mtu mwenye bisibisi, ila hakuna atakayechomeka pasi mahali ambapo hapana tundu.

Kama unapenda kuhamisha taa, ipo soketi ya duara, yenye matundu matatu ya mviringo, ya ampea 5 au 2. Ni mfumo wa zamani wa Kiingereza uliotangulia plagi ya pembe nne, iliyoanza mwaka 1947, na hoteli nyingi zinautumia mpaka leo kwa kazi hii hasa, kwa sababu plagi ya pasi haiingii na ya kettle haiingii. Unabadilisha plagi ya taa tu. Plagi ya duara kwa kawaida haina fyuzi ndani yake, lakini breka ya ampea 6 inatosha kuulinda waya wa taa usiozidi mita mbili hivi, ukiwa mzima na wa unene wa kueleweka. Uangalifu unaotakiwa ni wa kununua soketi na plagi zake pamoja siku moja, kwa sababu ukirudi baadaye dukani kutafuta plagi tu unaweza kuzunguka sana.

Usihofu kuhusu uzito wa mzigo. Taa mbili za wati 9 ni wati 18. Hata ukija kuongeza nyingine nne za aina hiyo hujafika wati 60, wakati breka ya ampea 6 inabeba zaidi ya 1,300. LED zimefanya kazi hii iwe nyepesi kuliko enzi za balbu za nyuzi za wati 60 na 100, ambapo tulikuwa tunahesabu kila taa.

Kuna fundi atakayekushauri achukue umeme kwenye soketi badala ya taa, na si lazima awe amekosea. Inafaa pale soketi ilipo karibu na mlango na dari haifikiki, mathalani ghorofani kwenye zege. Anachukua moto, nyutro na ethi vya soketi, anavipitisha kwanza kwenye swichi yenye fyuzi ya ampea 3, na kuanzia hapo anaweza kutumia waya wa 1.5 kwenda kwenye swichi ya ukutani na kwenye taa. Ile fyuzi ndiyo inayoruhusu waya mwembamba kwenye sakiti yenye breka ya 32. Bila hiyo haifai. Na swichi hiyo iwe kwenye boksi lake, pembeni, isiunganishwe na ya taa ya dari. Ukiziweka pamoja, boksi moja linakuwa na moto wa breka mbili, na mtu akizima breka ya taa ataamini boksi zima limekufa.

Umesema kuta zimeshapigwa rangi. Njia ninayoipendekeza itakutaka utindue mistari miwili ya kushuka kutoka darini mpaka nyuma ya meza, upige lipu, upake rangi upya ukuta ule. Mistari ishuke wima kabisa juu ya kituo chenyewe, isikate mshazari, ili atakayetoboa ukuta kutundika picha aweze kukisia waya ulipo. Kama hutaki vumbi hilo, kuna mifereji ya plastiki yenye mfuniko inayobandikwa juu ya rangi. Nyuma ya kochi na pazia haionekani sana. Ila waya usiwe wazi kwa kupigiliwa misumari ya klipu kwenye usawa wa mikono ya watoto.

Na kama hutaki kugusa ukuta kabisa, kuna swichi zisizo na waya. Unanunua vifaa viwili vinavyochomekwa kwenye soketi, taa zinachomekwa juu yake, na swichi yenye betri unaibandika ukutani mlangoni kwa gundi au skrubu mbili ndogo. Ukibonyeza, inatuma mawimbi ya redio, taa zinawaka. Kwa wapangaji ndiyo njia ninayowaambia bila kusita, maana ukihama unaondoka nayo na mwenye nyumba hana cha kulalamikia. Mambo matatu ya kuangalia: kwanza, kiwango kilichoandikwa juu ya kifaa, kwa sababu vingi haviwezi kubeba pasi wala kettle ingawa vina tundu la kawaida, kwa hiyo viweke nyuma ya kochi pasipofikika na uviandike kwa kalamu ya wino mzito "TAA TU". Pili, jaribu kinafanyaje umeme ukikatika na kurudi. Vingine vinarudi vikiwa vimezimwa, vingine vinawasha taa zenyewe saa nane ya usiku. Tatu, chagua cha redio kisichohitaji intaneti. Taa ya sebuleni haipaswi kusubiri bando.

Njia yoyote utakayochagua, taa yenyewe ina swichi yake kwenye waya au chini ya kitako, na hiyo lazima ibaki imewashwa daima. Nusu ya simu ninazopigiwa baada ya kufunga kazi hii ni "swichi imeharibika", nafika nakuta mtoto amezima kwenye taa. Baadhi ya watu nawaondolea kabisa ile swichi ndogo.

Zitazame pia taa zako kabla ya kumlipa mtu. Kama mwili wa taa ni wa chuma au shaba, waya wake uwe na nyuzi tatu, na ule wa kijani au kijani na njano uwe umefungwa kwenye chuma cha taa na kwenye ethi ya ukutani. Taa zenye plagi ya pini mbili, zile zinazoletwa kutoka Ulaya, tunazoea kuzilazimisha kwa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu. Dada, tabia hiyo iache. Tundu la juu ni la ethi, na linafungua vizuizi vinavyowalinda watoto. Plagi ya pini mbili haikai sawasawa, inalegea na kutoa cheche. Kama taa ya pini mbili ina alama ya mraba ndani ya mraba, imetengenezwa isihitaji ethi, na unaweza kuibadilishia plagi. Kama ni ya chuma na haina alama hiyo, ibadilishwe waya wote iwe na ethi, au usiitumie.

Kwenye holda ya balbu ya kuzungusha, moto uende kwenye kile kibati cha katikati chini, nyutro iende kwenye nyuzi za kuzungushia, kwa sababu nyuzi ndizo vidole vinaweza kugusa wakati wa kutoa balbu. Kwenye holda ya pini mbili hakuna tofauti.

Linakuja jambo moja ambalo huenda ukalikuta usiku wa kwanza: umezima mlangoni, taa ya LED imebaki na mwanga hafifu kama kimulimuli. Kabla ya kulaumu balbu, hakikisha swichi imekata moto na si nyutro. Hiyo ndiyo sababu ya hatari. Kama moto umekatwa sawasawa, tazama kama swichi ina kile kitaa kidogo cha kuonyesha gizani. Hicho kinapitisha umeme kidogo sana ambao LED inautumia. Au waya wa taa umesafiri mrefu ndani ya paipu moja na waya wenye moto, ukaambukizwa. Hizi mbili za mwisho hazina madhara. Kubadilisha aina ya balbu au swichi kunatosha.

Swichi ya kupunguza mwanga najua utaniuliza, kwa sababu umesema hupendi taa kali. Inawezekana kama taa zimefungwa kwa njia ya kudumu au kwa soketi za duara, na balbu ziwe zimeandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa. Zisizokubali zinapepesa na kufa mapema. Kwenye soketi ya ampea 13 usiiweke kamwe. Feni au chaja ikichomekwa pale itaungua. Mimi ningeanza na balbu za wati 5 zenye mwanga wa njano, zilizoandikwa 2700K, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kama unasoma haya uko Kenya, ya EPRA, mamlaka ya nishati ya kule. Mwombe namba ya leseni kabla, si baada. Siku ya kazi azime mein swichi, si breka moja tu, na apime kwa mita kabla ya kushika. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi: ikiwaka inakwambia moto upo, lakini isipowaka si ushahidi kwamba haupo.

Akimaliza, kaa naye dakika kumi. Swichi ya mlangoni ikiwa imezimwa, balbu ikiwa imetolewa, apime kwenye holda: moto na nyutro isome sifuri au karibu na sifuri, nyutro na ethi vivyo hivyo. Akiwasha, moto na nyutro isome karibu 230, moto na ethi karibu 230, nyutro na ethi ibaki karibu na sifuri. Kisha azime breka ya taa peke yake, taa zote za mezani zizimike. Airudishe, azime breka ya soketi peke yake, taa za mezani ziendelee kuwaka na RCD isiguswe. Mwisho azime mein swichi nzima pamoja na breka ya taa, aichomoe nyutro ya sakiti ya taa kwenye mein swichi, na apime kati ya waya huo na ubao wa nyutro za soketi: kusiwe na muungano wowote. Hiki ndicho kipimo kinachofichua nyutro iliyoazimwa, na inamchukua fundi dakika tatu.

Ndani ya mlango wa mein swichi abandike karatasi, aandike kwa mkono unaosomeka breka ipi inabeba "TAA YA DARI NA TAA ZA MEZANI, SEBULENI", pamoja na tarehe.